Naomba ushauri: taa za kuongozea magari ziachane mita ngapi?
Wakuu, habari za leo. Napanga taa za barabara kuu ya njia nne hapa Dar. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa na mzunguko wa taa (kijani hadi kijani tena) wa sekunde 120, napata umbali wa mita 830 hivi, ndipo magari ya pande zote mbili yakute kijani mfululizo. Sasa kuna makutano mawili yameachana mita 310 tu! Jana jioni nilisimama pale: foleni ya daladala na malori ilirudi mpaka ikaziba makutano ya nyuma, bodaboda wakapanda njia ya waenda kwa miguu. Niondoe taa moja, magari yakageuzie mbele, au niziunganishe zote mbili ziwake pamoja? Watoto wa shule wanavukia hapohapo, na hao ndio wananinyima usingizi.