Mrejesho: mende jikoni, na paka mgonjwa wa figo (Kisauni)

Niliuliza namna ya kuua mende bila kumdhuru paka mzee mwenye ugonjwa wa figo. Ahsanteni, jeli ya mende (chambo chenye sumu ambacho mende hula) imefanya kazi.

Weka vitone vidogo kama punje ya mchele kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji karibu na mota, na katika nyufa chini ya sinki, pahala ulimi wa paka haufiki. Vitone vingi hushinda donge moja. Usipulizie dawa hapo, wala kufuta kwa sabuni kali. Mende watakwepa kula. Chakula cha paka nacho kisilale nje usiku, la sivyo watakipendelea kuliko jeli. Ikikauka, weka nyingine: mayai ya mende yamo ndani ya vifuko, hayaguswi, na yataanguliwa baadaye.

Asidi ya boriki, unga mwingine wa kuua mende, niliikataa, kwa kuwa hutolewa mwilini kupitia figo, zizo hizo mbovu. Permethrini, dawa ya kuua wadudu, ni hatari kwa paka yeyote. Ini lake huivunja polepole mno. Ile dawa ya unga isiyo na lebo, ya kuuzwa mitaani, hata msinitajie.

Wale mende wakubwa wekundu hupanda kutoka mtaro wa maji machafu. Wavu wa chuma kwenye tundu la bafu umewazuia.