Iringa mjini kwa miguu: nianze na wapi?

Mpita_Njia
Kamwene wadau. Nitashuka stendi ya mabasi ya Igumbilo alfajiri, na basi la kuendelea Mbeya ni kesho yake. Nataka kuizunguka Iringa kwa miguu siku nzima. Nipange vipi, na Isimila, kule kwenye zana za mawe za kale, inafikika kwa miguu?

Kihesa_Juu
Mkuu, usianze kutembea Igumbilo. Barabara kuu ipo bondeni na mji upo juu, utamaliza miguu kwenye kile kilima kabla hujaona kitu. Panda daladala hadi mjini, mizigo iache gesti.

Anza na jiwe la Gangilonga, lile "jiwe linaloongea" la Wahehe, asubuhi jua likiwa bado dogo. Kutoka katikati ya mji ni kama nusu saa. Vaa raba zenye meno, maana mwamba ukilowa unateleza na kandambili zitakuangusha. Usipande peke yako, na giza lisikukute huko. Ukiwa juu utauona mji wote, na mitaa ya kwenda baadaye unaichagua kwa macho.

Ukishuka pitia Makumbusho ya Boma, jengo la zama za Wajerumani. Halafu sokoni. Hapo usikimbie: tafuta vikapu vya milulu (majani ya kusukia), bonyeza kitako uone kama msuko umekaza, na kagua pale mpini unaposhikana na mdomo, ndipo vinapoachia kwanza. Vinunue mwishoni, la sivyo utavibeba kutwa.

Msafiri_Nyanda
Naongeza. Mnara wa kumbukumbu ya Maji Maji (1905–1907) upo mbele ya kituo cha polisi, karibu na soko. Kamera ikielekea kituoni utaitwa ujieleze, kwa hiyo omba ruhusa kwanza.

Isimila kwa miguu sahau, ni kilometa 20 hivi njia ya Mbeya. Chukua bajaji, mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda. Ukimlipa ya kwenda tu anageuza, unabaki unapunga mkono barabarani.

Kihesa_Juu
Kweli kabisa. Na sweta muhimu, mji upo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya meno. Ukikaribishwa ulanzi, pombe ya mianzi, uliza ni mtogwa au mkangafu. Mtogwa ni mtamu, bado mchanga. Mkangafu ukinywa mchana, matembezi yameishia hapo.

Mpita_Njia
Asanteni wakuu. Gangilonga kwanza, vikapu mwisho, Isimila kwa bajaji.