Deutschlandticket au BahnCard 25 kwa mkazi wa Bonn?

MpwaniBonn: Ndugu zangu, nimehamia Bonn na wiki hii sina budi kuamua: nijiandikishe Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma wa Ujerumani nzima, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi, au ninunue BahnCard 25, kadi ya punguzo la asilimia 25 kwenye nauli za treni, na kulipia kila safari?

MamaWawili: Karibu, ndugu yangu, lakini hujatueleza unakwenda wapi wala mara ngapi. Je, wewe ni mwanafunzi? Wanafunzi wa vyuo vingi huipata Deutschlandticket kwa asilimia 60 ya bei.

MpwaniBonn: Samahani, dada. Nafanya kazi Köln siku tatu kwa wiki, na kila baada ya miezi miwili humtembelea kaka yangu Hamburg.

ReliKwanza: Basi chukua Deutschlandticket. Nauli za Köln pekee zitapita euro 63 kabla mwezi haujafika nusu, na mabasi na tramu za nchi nzima zimo humo.

MamaWawili: Na Hamburg je? Tiketi hiyo haikubaliki kwenye ICE wala IC, yaani treni za masafa marefu, na kwa treni za mikoa utabadilisha mara kadhaa hadi siku iishe. Mimi ninazo zote mbili, tiketi hiyo na BahnCard.

Barubaru: Yeyote utakayemchagua akuuzie, omba kadi ya plastiki. Mwaka jana simu yangu ilizima chaji ndani ya treni, mkaguzi akanikuta sina cha kumwonyesha, akaniandikia faini ya euro 60. Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikapanga foleni ofisini kwao nikiwa na uthibitisho kwamba nilikuwa nimelipa, na baada ya kusubiri asubuhi nzima wakaipunguza hadi euro 7. Nilikuwa nimelipia mwezi mzima, na bado nilihesabiwa kama mdandiaji. Jambo hilo liliniuma sana.

ReliKwanza: Pole, kaka, ingawa kuhakikisha simu ina chaji ni wajibu wa abiria.

Barubaru: Sikubaliani nawe. Tiketi ina jina langu, na kitambulisho nilikuwa nacho mkononi.

MamaWawili: Linaloniudhi mimi ni bei. Mei 2023 tulianza na euro 49, mwaka 2025 ikawa 58, na sasa ndiyo hii. Mpwani, mwajiri wako hachangii? Akilipa angalau robo, unapunguziwa asilimia 5 zaidi.

MpwaniBonn: Sikuwahi kumuuliza. Nikijiandikisha leo, naweza kuisitisha baadaye?

ReliKwanza: Ndiyo, mradi utoe taarifa kufikia tarehe 10 ya mwezi, nayo itakoma mwisho wa mwezi huo.