Mrejesho: bei ya bastola iliyotumika, Kampala

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kama shilingi milioni 6 ni bei ya haki kwa bastola ya Glock 17 iliyotumika, yenye magazini mbili (vibebeo vya risasi). Nilifuata ushauri wa kuifungua mbele ya muuzaji, ikiwa tupu: namba za fremu (mwili wenye mpini), slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma) na mtutu zinalingana. Lakini tochi ilionyesha vishimo vya kutu ndani ya mtutu, karibu na chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), na midomo ya magazini moja, inayoshika risasi juu, imepanuka, jambo linalofanya risasi zikwame. Muuzaji akashuka hadi milioni 5.2. Springi mpya ya kurudisha slaidi alikataa kabisa kutoa, nitainunua mwenyewe. Pesa sijalipa. Nasubiri kibali cha polisi, na hadi hapo bastola inabaki kwake.