Tripodi ya kubeba lenzi ya 200-500, nichukue ipi?

furukombe_mza
Wadau habari za jioni, naomba ushauri. Niko Mwanza, napiga ndege, kamera ni Nikon D7500 na lenzi Nikon 200-500mm f/5.6. Tripodi niliyonayo ni ya alumini, nilikuwa naitumia kwenye harusi, boksi lake limeandikwa inabeba kilo 5, na kamera na lenzi vyote ni kama kilo 3 hivi, sasa sielewi kwa nini picha zinatoka na ukungu. Jumapili nilikuwa kisiwani Saanane, furukombe katua juu ya jiwe, katulia kama dakika kumi, mawingu yametanda nikapiga kwa spidi ya sekunde 1/125 karibu picha 80, kufika nyumbani nafungua kwenye kompyuta hakuna hata moja yenye manyoya yanayoonekana vizuri. Imeniuma sana maana ndege yule nimemfuata miezi. Nimejichanga nina laki sita. Kuna mpya ya alumini yenye kichwa cha video cha mkono, wameandika kilo 12, na kuna ya mtumba ya kaboni, miguu minene ila haina kichwa. Nichukue ipi? Natanguliza shukrani.

kipanga wa Watamu
Pole sana ndugu yangu. Hizo kilo za kwenye boksi zisikudanganye, kila kiwanda kinapima kivyake, na zinakwambia miguu haitavunjika, hazikwambii itatikisika vipi. Kwa D7500 milimita 500 inaona kama 750, hapo hata upepo mdogo unaonekana kwenye picha. Angalia unene wa bomba la juu la mguu, mimi kwa lenzi kama yako sishuki chini ya milimita 28, na 32 ni bora zaidi. Vipande vitatu kila mguu ni afadhali kuliko vinne au vitano, maana kile cha mwisho huwa chembamba kama fimbo. Na ile nguzo ya katikati usiipandishe, ukiipandisha umeweka mguu mmoja juu ya mitatu.

Halafu swali, umefunga tripodi kwenye kamera au kwenye kiguu cha lenzi?

furukombe_mza
Kwenye kamera, chini, kama kawaida. Kiguu gani?

kipanga wa Watamu
Hapo ndipo penye shida kubwa. Lenzi yako ina ringi na kiguu chini yake, tripodi inafungwa PALE. Lenzi peke yake ni kilo 2.3, ukifunga tripodi kwenye kamera uzito wote unaning'inia mbele na kila kitu kinacheza, na ile sehemu lenzi inapoungana na kamera inaumia bure. Weka pleti ndefu kwenye kiguu, isogeze mbele na nyuma mpaka ukiachia mikono isiiname popote.

Mama Korongo
Naungana na kipanga, ila mdogo wangu usinunue kwa kusimuliwa. Nenda na kamera yako na lenzi yako pale dukani, funga, nyoosha miguu mpaka urefu unaotumia, washa kioo cha nyuma, vuta picha karibu mpaka mwisho, kisha gonga ncha ya lenzi kwa kidole taratibu uangalie mtikisiko unachukua muda gani kutulia. Fanya hivyo kwa zote mbili, utajijibu mwenyewe. Dau langu ni ile ya kaboni, lakini kagua vifungio, zungusha kila kimoja, mguu ukiteleza ukiulemea iache.

Kichwa cha video cha mkono ni kizito kukizungusha ndege akiruka. Cha gololi ukikilegeza lenzi nzito inalala ghafla, mimi ilinibana kidole na tripodi nzima ikaangukia mawe, tangu siku hiyo natumia gimbali, lenzi inaning'inia kwenye mhimili wake, ukiiachia inabaki pale pale. Kama hela haitoshi nunua miguu mizuri kwanza, kichwa utabadilisha baadaye.

Na weka taimu ya sekunde 2 au remoti, usibonyeze kwa kidole. VR, ile ya kupunguza mtikisiko ndani ya lenzi, wengine watakwambia uizime kwenye tripodi, jaribu zote mbili kwenye jiwe lile lile ndio uamue.

dereva_wa_pori
Niongeze moja, kama una mpango wa Serengeti tripodi iache hotelini, kwenye gari haina pa kukaa na kushuka hovyo hairuhusiwi. Mwambie fundi cherehani akushonee mfuko wa jinzi wenye zipu, safiri nao mtupu, ukifika sokoni jaza maharage au mchele, laza juu ya paa au dirishani, lenzi inatulia vizuri sana. Ila mwambie dereva azime injini.

furukombe_mza
Asanteni sana jamani. Leo asubuhi nimefunga kwenye kiguu, tripodi ile ile ya harusi, nguzo nimeishusha, taimu sekunde 2, nimempiga mnandi kwenye mawe hapa ufukweni kwa 1/160 na nimeyaona macho yake!! Upepo ulipoanza ikatikisika tena, kwa hiyo miguu bado naihitaji. Jumamosi naenda na lenzi kuigonga ile ya kaboni.

kipanga wa Watamu
Safi kabisa. Ukiipata, kila ukiingia nayo majini au mchangani ifungue vipande uioshe kwa maji safi, uikaushe kabla ya kuifunga. Mimi huku Mida Creek chumvi ilishanilia vifungio vya ile ya kwanza.

furukombe_mza
Sawa mkuu, Jumamosi jioni nitaleta majibu.