Mrejesho: video ya daktari na mgonjwa kukatakata

Niliuliza kwa nini picha inaganda daktari akiongea na mgonjwa kwa video, ilhali kipimo cha intaneti kinaonyesha kasi nzuri. Shida ilikuwa kasi ya kupakia (kutuma data), si ya kupakua (kupokea): kompyuta nyingine zilikuwa zikipandisha nakala za mafaili saa zilezile za miadi. Nakala zimehamishiwa usiku, kompyuta ya daktari imeunganishwa kwa waya, video imeshushwa hadi 360p (ubora wa chini wa picha). Sauti ndiyo ya kulindwa kwanza. Haihitaji hata kbps 100 (kilobiti kwa sekunde), kidogo kuliko video, kwa hiyo mtandao ukiyumba, zima kamera kwanza. Namba ya simu ya mgonjwa na mahali alipo viulizwe mwanzoni kabisa, maana laini ikikatika wakati wa dharura hutajua pa kutuma msaada. Kuangalia upele wa mgonjwa bado kunasumbua: video hupotosha rangi, afadhali picha ya kawaida iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana.