Mjadala: Katanga ilijengwa na shaba, au na njia ya kuibeba?

Mleta mada, Lubumbashi
Ndugu zangu, reli ya Lobito, inayotoka hapa Katanga hadi bandari ya Lobito kule Angola, imerudi midomoni mwa watu hapa mjini. Kila mtu anauliza shaba yetu itauzwa bei gani. Mimi nauliza nani atapanga nauli ya mzigo, maana hapo ndipo utawala unapokaa.

Wazee wa hapa waliyeyusha shaba na kuimimina iwe misalaba karne nyingi kabla ya Msiri, mfalme aliyetawala Katanga karne ya 19. Yeye alitoka Unyamwezi, mtoto wa Kalasa, mtu wa misafara. Shaba aliikuta, alichokuja nacho ni kujua njia. Kutoka Bunkeya, mji wake mkuu, pembe za ndovu, shaba na watumwa vilikwenda mashariki hadi pwani na magharibi hadi Benguela, pwani ya Angola, zikarudi bunduki, baruti na nguo. Akamwoa hata Maria de Fonseca, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Angola. Desemba 20, 1891, watu wa Leopold, mfalme wa Wabelgiji, walimpiga risasi wakamuua.

Nao Wabelgiji wakanaswa palepale, kwenye njia. Reli iliyofika hapa mwaka 1910 ilitokea Rhodesia, kwa Waingereza. Ili wasiwategemee, wakajenga reli hadi Ilebo, bandari ya mto Kasai, 1928, ingawa mzigo ulishushwa pale, ukapanda meli, kisha ukapanda treni tena hadi bandari ya Matadi. Ghali mno, lakini walitaka ufunguo.

Mchangiaji, Ruashi
Yaya, unasema njia kana kwamba ilitembea yenyewe. Pembe zilibebwa mabegani, na wengi waliozibeba waliuzwa pamoja nazo. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, nayo ilileta watu kutoka Kasai, Rwanda, Burundi. Babu yangu alishuka kwenye treni hiyo. Mwaka 1992 sisi wenye asili ya Kasai tuliambiwa turudi kwetu, tukalala stesheni na watoto. Tukihesabu tani tu, tunawasahau watu tena.

Mleta mada
Umesema kweli, mdogo wangu, na ningetakiwa kuanza na hilo. Basi swali langu ni pana zaidi: mkataba wa reli uandike pia nafasi ya abiria, mahindi na mama wa sokoni, si makontena ya madini peke yake.

Dereva wa lori
Mimi napita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Foleni inanila siku nzima, wakati mwingine zaidi. Reli ikichukua shaba, sisi madereva tutabeba nini? Nijibuni hilo kwanza.